Kigodoro cha Kerenge: Nani Aliyeung'oa Mlango wa Bi Harusi?



Leo sitozungumzia singo, hina wala piko. Leo nina ugomvi, na naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanijibu.

Kadi ilinifikia kwenye simu asubuhi, nikiwa jikoni Chake Chake nachemsha chai. Imepambwa maua pembeni, katikati picha ya mtoto wa kaka yangu, na chini maneno haya: usiku wa kumuaga mwali, Kerenge, kuanzia saa nne za usiku mpaka majogoo. Mavazi ni kanga moja. Vigodoro ruhusa. Asiyevaa sare haingii. Kiingilio wanawake 5,000, wanaume 10,000.

Someni tena hapo mwisho. Wanaume elfu kumi.

Kwa wasioijua, Kerenge ni kata katika wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga, chini ya milima ya Usambara. Kaka yangu alihamia huko miaka mingi, akaoa Msambaa, akafungua duka, Allah akamjaalia watoto. Misikiti ipo, madrasa zipo, watu wake waungwana. Siitaji Kerenge kwa kuwa kuna uchafu kuliko kwengine. Kadi kama ile ingeweza kutoka Temeke, Tanga mjini, Mombasa, na wallahi ingeweza kutoka hapa hapa visiwani kwetu. Imetoka Kerenge kwa sababu huko ndiko damu yangu inakoolewa.

Nikampigia wifi yangu. Kabla sijasema neno akaniwahi: "Wifi, wewe ndiye shangazi. Bila wewe mwali hatoki."

Nikamuuliza, "Wifi, hao wanaume wa elfu kumi ni kina nani?"

Akacheka. "Siku hizi ndivyo zilivyo. Kamati imeshachangisha, mziki umeshalipiwa."

Nikamuuliza swali la pili: mwenyewe mwali anasemaje? Hapo hakucheka. Alisema, "Mwali husema nini?"

Hilo jibu ndilo lililonikalisha kuandika haya.

Furaha haikuharamishwa

Wapo watakaosoma kichwa cha habari waseme, ah, huyu naye kaja kutuharamishia harusi. La. Mimi ni mtoto wa ngoma. Nimefundwa na nimefunda. Na dini yetu haikuja kuzima furaha ya siku hiyo.

Bibi Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) amesimulia kwamba asubuhi ya harusi yake Mtume (s.a.w.) alifika nyumbani kwao, na wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuimba. Hakuwafukuza. Alirekebisha jambo moja tu katika maneno ya wimbo, akawaacha waendelee na waliyokuwa wakiyaimba. Na Bibi Aisha (r.a.) alipompeleka bi harusi kwa mume wa Kiansari, Mtume (s.a.w.) aliulizia kama hawakuwa na kitu cha kuchangamsha, kwa kuwa Ansari walipenda hivyo. Hadithi zote mbili zimo katika Bukhari. Kwa hiyo anayesema harusi ya Kiislamu ni watu kukaa kimya na kula biriani, hayo ni yake.

Na mila zetu za mwali hazikuwa upuuzi. Msichana alifundishwa kujitahirisha na hedhi na janaba, kujipamba, kuzungumza na mume, kunyamaza panapotakiwa na kusema panapotakiwa. Alifundishwa na kiuno pia. Sioni haya kuliandika, kwa sababu alifundishwa kwa ajili ya mtu mmoja, mume wake wa halali. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyetutoka tarehe 17 Aprili 2013, dunia inamjua kwa taarabu. Sisi tunamjua pia kwa unyago na kwa ngoma yake ya msondo. Mwanamke yule aliimba majukwaani mbele ya mataifa, na bado alijua kwamba unyago una wenyewe.

Sasa kama furaha ni halali na mafunzo ni mema, ugomvi wangu ni upi? Ugomvi wangu ni mlango.

Mlango ulikuwa na sheria

Ngoma ya wanawake ilikuwa na masuala mawili: nani anaingia, na anaingia amevaa nini. Yote mawili yalikuwa na majibu, na majibu hayo ndiyo yaliyomlinda mwali.

Nani anaingia? Mwanamke. Na hata mwanamke, aliyekwishachezwa. Msichana ambaye hajavunja ungo hakukanyaga. Mlangoni alikaa mtu mzima, kungwi au somo, anakujua wewe na mama yako. Hukuingia kwa pesa, uliingia kwa kuwa unajulikana. Hii haikuwa mila tupu. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, Allah ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tubishe hodi na kuwatolea salamu wenyewe. Nyumba ina heshima yake. Sembuse nyumba ambayo ndani yake wanawake wamevua buibui!

Umevaa nini? Kanga. Lakini kanga, dada zangu, huuzwa doti, vipande viwili, na mnajua sababu. Kimoja unajifunga, kimoja unajitanda. Ngoma ikichanganya, kile cha pili unakivua mabegani unakifunga kiunoni, ndiyo kibwebwe. Kibwebwe kinaongeza nguo juu ya nguo. Mtu alicheza mpaka alfajiri na mwili wake umesitirika.

Sasa tazameni kadi ya Kerenge. Masuala ni yale yale mawili, majibu yamepinduliwa. Nani anaingia? Mwenye elfu tano au elfu kumi. Amevaa nini? Kanga moja. Yaani zamani mlangoni ulirudishwa ukiwa hukusitirika, leo unarudishwa ukiwa umesitirika! Ukienda na dera lako na mtandio, huna sare, kaa nje. Tumeweka mlinzi mlangoni wa kuhakikisha kwamba stara haipiti.

Kanga ya pili ilikwenda wapi?

Mambo haya hayakuja siku moja. Kwanza ilitoka kanga ya pili. Tukasema si kitu, ndani kuna skintaiti. Kisha skintaiti ikawa nyembamba. Kisha kanga ikamwagiwa maji ili ishike mwili, ndiyo hiyo kanga moja ndembendembe mliyoisikia. Kisha likaja godoro. Sponji linakatwa, linashonewa ndani ya nguo ya kubana, linavaliwa makalioni, na mtu anayejulikana mtaani kwa wembamba wake anatokea usiku ule na umbo ambalo hata mamaake halijui.

Tanga wana baikoko, ngoma iliyotoka kwa kina mama. Leo vikundi vyake vinakodiwa kama mziki unavyokodiwa, vinapanda jukwaani mbele ya baba, mjomba, dereva wa bodaboda na mtoto wa darasa la tatu aliyekwea mwembe. Ngoma ni ile ile, viuno ni vile vile. Kilichopungua ni ukuta.

Nisemee kidogo hilo godoro, maana bi harusi wengi wananiuliza. Mtume (s.a.w.) alimfananisha anayejionesha kuwa na kitu ambacho hakupewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Bibi Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) ndiye aliyetupokelea. Mwanangu, mume wako atalivua hilo sponji kwa mkono wake siku ya fungate. Ulimdanganya nani basi? Si yeye, yeye atajua. Uliwadanganya wanaume wa elfu kumi.

Na wale wanaosema "tulikuwa wanawake watupu, kwa hiyo hapana ubaya," nawaomba wawaulize masheikh wetu wa Kishafi. Mwanamke mbele ya mwanamke mwenzake Muislamu ana uchi wake, nao ni baina ya kitovu na magoti. Hautakiwi kuonekana, na nguo iliyolowa ikaganda mwilini haisitiri. Halafu niambieni, huyo anayepiga mziki ni mwanamke? Anayeshika kamera? Anayebeba maspika? Anayesimamia jenereta? Mnahesabu wanawake mnasahau kuhesabu waliolipwa.

Simu ndiyo dirisha

Tuseme basi kamati imesikia, imewatoa wanaume wote. Bado kuna mwanamume mmoja hamjamtoa. Yumo mkobani mwenu.

Mtume (s.a.w.) alimkataza mwanamke asimsifie mume wake umbo la mwanamke mwenzake mpaka ikawa kama mume anamuona. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Enzi hizo kulikuwa hakuna picha. Ilikuwa maneno tu, mke anarudi nyumbani anamhadithia mumewe: fulani yuko hivi na hivi. Maneno yalikatazwa! Sasa wewe unayerekodi dakika mbili za shoga yako akiwa amelowa kanga, ukaweka kwenye grupu lenye watu mia mbili, wewe umefanya nini?

Namjua binti mmoja. Sitosema wa wapi, na msianze kukisia. Usiku wake wa mwali alirekodiwa na mtu aliyekula naye sahani moja. Hakuna sekunde arubaini. Siku ya saba ya ndoa ile video ilimfikia mkwe wake, na siku ya nane mume akaoneshwa barazani na wenzake, wakimcheka. Hakuachwa, alhamdulillah. Lakini mume hajakaa baraza ile tena, na wao wamehama mtaa. Binti yule sasa hakubali kupigwa picha hata na mwanawe mkononi. Aliyerekodi bado anaalikwa harusini, anakaa mbele, anakula.

Hicho ndicho kilicho hatarini, dada zangu. Watu wakisikia neno stara hudhani tunazungumzia jina la ukoo na midomo ya majirani. Mimi namzungumzia msichana wa miaka ishirini na mbili ambaye usiku wake wa mwisho kwao umekuwa mali ya kila mwenye bando. Ngoma ilikuwa inaisha jua likitoka. Video haiishi.

Na mjue kwamba hata sheria ya nchi ina neno. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 14, inakataza kusambaza picha za ngono kwa mtandao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imeweka mipaka ya kuchukua na kutumia taarifa za mtu. "Nilikuwa naforwadi tu" si kinga mbele ya Allah, na msiitegemee kuwa kinga mbele ya hakimu.

Nyinyi wanaume msitoke kwanza

Najua kaka zetu na waume zetu wanayasoma haya kupitia simu za wake zao, na wameshaanza kutikisa vichwa: kweli wanawake wa siku hizi wameharibika. Kaeni chini. Elfu kumi ni ya nani?

Surat An-Nur, aya ya 30, inaanza na wanaume: wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao. Aya ya 31 ndiyo inawageukia wanawake. Allah ametanguliza nyinyi, na nyinyi kila siku mnatanguliza sisi. Khutba juu ya kanga nimezisikia nyingi. Khutba juu ya mwanamume anayelipa elfu kumi kuingia usiku wa mtoto wa mwenzake nazisubiri bado.

Na wakubwa wa serikali nao ni hivyo hivyo. Mei 2016 serikali ilizuia video ya wimbo wa "Chura" wa Snura kwa sababu ya uchezaji wake, akasimamishwa na maonesho. Vigodoro navyo vinapigwa marufuku mara kwa mara, leo mkuu huyu, kesho yule. Mwaka unapita, vinarudi. Vinarudi kwa sababu marufuku humshika anayecheza, haimgusi anayelipa. Aliyemwaga maji anakamatwa, aliyenunua maji anakwenda nyumbani kulala. Mimi siamini kwamba polisi ndiye atakayemrudishia mwali mlango wake. Mlango ulijengwa na wanawake, na utajengwa tena na wanawake.

Katika sura ile ile, aya ya 19, Allah amewaahidi adhabu kali wale wanaopenda uchafu uenee kwa walioamini. Tazameni: wanaopenda uenee. Si mchezaji peke yake. Mchangishaji yumo. Mtengeneza kadi yumo. Anayesubiri video asubuhi yumo.

Hata Berlin wana mlango

Nitawaambieni jambo, mnisamehe kwa kulitaja kwenye ukurasa kama huu. Huko Berlin, Ujerumani, kuna klabu ya usiku inayoitwa KitKatClub, ipo tangu mwaka 1994. London kuna wenzao wanaojiita Torture Garden, walianza mwaka 1990. Ni sehemu za watu wanaostarehe kwa kuvaa ngozi, mpira na minyororo, na wengine karibu hawavai kitu. Mlangoni anasimama mtu anakutazama juu mpaka chini. Ukienda na suruali yako ya jinzi na fulana, unarudishwa. Vazi ndiyo tiketi, kama kadi yetu ya Kerenge.

Lakini sikilizeni hili. Kwenye KitKatClub kupiga picha ni marufuku. Kwenye klabu nyengine ya Berlin, Berghain, wanabandika stika juu ya kamera ya simu yako kabla hujaingia. Watu ambao hawamjui Allah, wanaofanya mambo ambayo mimi na wewe tunajikinga kwayo kwa auzubillahi, wamefahamu kwamba mtu aliyevua nguo anahitaji kulindwa na macho ya wasiokuwemo. Wameweka mlinzi, wameweka stika, na wote waliomo ni watu wazima waliokwenda kwa hiari yao.

Sisi umma wa stara, tulioambiwa anayemsitiri Muislamu mwenzake Allah atamsitiri, tunamtoa mtoto wetu uwanjani, chini ya taa, simu mia zimeinuliwa, na mtoto mwenyewe hakuulizwa. Si aibu hii? Wao wana sheria ya mlango kwa ajili ya uchafu, sisi tumeung'oa mlango tuliowekewa kwa ajili ya heri.

"Ndiyo mila zetu"

Hoja hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inatumia majina ya bibi zetu waliokwishalala makaburini.

Mila ya nani? Bibi yako alimwagia mwali maji mbele ya mpiga picha? Bibi yako aliuza tiketi? Wasambaa, Wabondei, Wazigua, Wadigo, sisi wa visiwani, kila mmoja ana njia yake ya kumtoa mwali, na katika hizo ninazozijua, siri ni nguzo. Mwali alifichwa. Akifunikwa kanga gubigubi hata akipita uani. Ukitaka kusema mila, sema na siri yake. Huwezi kuchukua kiuno ukaacha ukuta, kisha ukaita mila.

Na hoja ya pili: "mkole wa kisasa, vijana wanataka kuchangamka." Wachangamke. Wapige mziki wao, walipe wenyewe, wacheze na nguo zao. Lakini kwa nini jina na picha ya mwali ziwe kwenye tiketi? Kwa sababu bila mwali hapauziki. Hapo ndipo mambo yalipo. Mwanetu amekuwa bidhaa ya kujazia uwanja, na mchango wa kamati ni mtaji. Wifi yangu, mwanamke mwema anayeswali Dhuha, hakuliona hilo mpaka tulipokaa kwenye mkeka na kuhesabu: mwenye mziki atapata kiasi gani, kikundi cha ngoma kiasi gani, muuza vinywaji kiasi gani. Tukauliza, mwali atapata nini? Tukanyamaza wote.

Nilikwenda Kerenge

Ndiyo, nilikwenda. Nilipanda meli ya Tanga, nikachukua basi la Korogwe, nikafika siku nne kabla. Shangazi anayelalamika kwa simu hamsaidii mtu.

Usiku wa kwanza mwali alinijia chumbani akakaa miguuni pangu. Akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, mimi sitaki. Lakini watu wameshatoa pesa zao." Mtoto ameogopa michango ya watu kuliko anavyouogopa uchi wake mwenyewe. Nani aliyemfundisha hesabu hiyo, kama si sisi?

Asubuhi tukakaa na wazee wa kike, bibi wa upande wa mama, somo, na wifi. Kelele zilikuwepo, sitowaficha. Mama mmoja aliniambia, "Wewe wa visiwani unakuja kutufundisha ngoma?" Nikamwambia, "Hapana mama, nimekuja kuomba mlango." Bibi mmoja mtu mzima sana, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwamba yeye alipochezwa, hata kaka yake hakujua ni siku gani. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kusema mengi.

Tulikubaliana hivi. Mziki ulioshalipiwa ukapigwa uwanjani kwa vijana, bila kanga ndembendembe, bila jina la mwali, na yeye hakukanyaga. Mwali akachezwa ndani, uani kwa bibi yake, makuti yamezungushwa. Mlangoni nilikaa mimi na somo na tenga moja kubwa. Kila simu ilivikwa karatasi yenye jina la mwenyewe ikaingia tengani. Kanga doti, kibwebwe kiunoni. Ngoma zikapigwa na wanawake.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Wawili walikataa kutoa simu wakaondoka kwa hasira, na mmoja wao ni ndugu wa karibu, mpaka leo hatusemezani. Waliotoa elfu kumi wengine walidai warudishiwe, na kaka yangu aliwarudishia kwa pesa ya duka. Ilimuuma. Lakini mwali alicheka usiku ule, alicheka mpaka akalia, na hakuna hata sekunde moja ya kicheko kile iliyoko kwenye simu ya mtu. Ni chetu sisi tuliokuwemo.

Kwenu mnaojiandaa

Mwanangu bi harusi, nakupa haya ya kushika. Yaseme mapema, kabla kamati haijachangisha, maana pesa ikishaingia mdomo wako utafungwa.

Kwanza, uliza nani anaingia. Ukiambiwa "watu wetu tu," omba majina.

Pili, jina lako na picha yako visiwe kwenye kadi yoyote yenye kiingilio. Harusi haina kiingilio, ina mwaliko.

Tatu, simu zibaki mlangoni, na mlangoni akae mtu mzima unayemuamini wewe, si anayeaminiwa na kamati.

Nne, kanga ni doti. Sponji la kujishonea libaki dukani.

Tano, anayepiga ngoma, anayeshika taa, anayepika na anayepakua ndani awe mwanamke. Wapo, tena wanahitaji hiyo kazi.

Sita, ukisema sitaki na wakakuzidi nguvu, mtafute shangazi. Kila ukoo una shangazi mmoja mwenye mdomo. Na nyinyi mashangazi, msisubiri kadi ije.

Na wewe ambaye usiku wako ulishapita, ukarekodiwa, na hadi leo ukisikia simu inalia moyo unakudunda: hukufanya uchafu peke yako, na mlango wa toba wa Mola wako haujang'olewa na mtu. Ingia. Na wewe unayeihifadhi video ya mwenzako, ifute sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma mstari huu, Allah naye akufutie yako.

Ewe Mola wetu, wasitiri mabinti zetu duniani na Akhera, wape waume wema, na uturudishie haya tuliyoiuza kwa elfu kumi. Ameen.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.